Nilichomwambia mjomba kuhusu moyo wake

Nilimwambia mjomba wangu aache dawa. Daktari wa kliniki alikuwa amemwandikia statini, dawa ya kushusha lehemu, kidonge kimoja kila usiku, na kabla hajameza hata kimoja alikuja kwangu na kopo la dawa na karatasi ya vipimo vya damu, akaniuliza kama kweli anazihitaji. Niliisoma karatasi, nikauzungushia kalamu mstari mmoja, nikamwambia hazihitaji. Mimi ni fundi wa maabara. Nimesomea kupima damu. Sikusomea kumwambia mtu ameze nini na aache nini. Lakini nilisema, tena kwa sauti ya mtu anayejua, naye aliniamini kwa sababu mimi ni mtoto wa dada yake na ndiye aliyenilipia karo ya chuo tangu mwaka wa kwanza.

Leo sehemu ya moyo wake imekufa. Yu hai, alhamdulillahi, ila kilima cha Kibuli alichozoea kukipanda kwa miguu kwenda msikitini sasa anapandishwa kwa gari, na duka lake la jumla pale Kikuubo linaendeshwa na vijana wake. Ninaandika haya kwa ridhaa yake. Najua karatasi kama ile ziko ndani ya droo za nyumba nyingi hapa Kampala, na najua wapo mafundi wa maabara, wauguzi na wauza dawa wanaoulizwa na ndugu zao swali nililoulizwa mimi.

Karatasi ilisema hivi, kwa milimoli kwa lita. Lehemu, yaani kolesteroli, yote kwa jumla, 4.8. LDL, ambayo watu huiita lehemu mbaya, 2.4. HDL, inayoitwa nzuri, 0.8. Trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri katika damu, 3.5. Chini yake kulikuwa na CRP, protini ambayo ini huitoa kwa wingi mwilini mnapokuwa na inflamesheni, yaani kinga ya mwili ikiwa vitani, na yake ilikuwa miligramu 5 kwa lita. Kipimo cha wastani wa sukari kilikuwa asilimia 7.6, maana kisukari alikuwa nacho tayari na alikuwa akikitibu kwa kusuasua. Juu kabisa muuguzi alikuwa ameandika presha: 148 kwa 92. Kiuno hakikupimwa, lakini mjomba alikuwa mtu wa kitambi, na sote nyumbani tulikihesabu kitambi hicho kuwa neema.

Mstari niliouzungushia kalamu ni ule wa LDL. Ulikuwa ndani ya kiwango kilichochapishwa pembeni. "Mjomba, lehemu yako ni nzuri kuliko yangu," nilimwambia. Kwa mistari mingine nilikuwa na maelezo tayari. HDL iko chini? Watu wetu wengi Uganda HDL zao ziko chini. Trigliseridi zimepanda? Nilimuuliza alikula nini asubuhi ile, akasema chai ya maziwa na mandazi, nikasema basi ndiyo hayo. CRP? Wiki ile alikuwa na mafua, na katika mji wenye malaria na taifodi kama huu CRP hupanda kwa sababu nyingi. Kila maelezo yalikuwa na ukweli ndani yake, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Sikumdanganya kwa uongo. Nilimpa vipande vitatu vya kweli, kila kimoja kikiondoa hofu moja, hadi hofu zote zikaisha.

Nianze na 2.4 yenyewe, maana hiyo nilikuwa naifahamu vizuri kuliko daktari yeyote. Namba ile haikupimwa. Mashine yetu ilipima vitu vitatu: lehemu yote, HDL na trigliseridi. LDL ilikokotolewa kwa kanuni ambayo William Friedewald na wenzake waliichapisha mwaka 1972, na ambayo maabara nyingi duniani zinaitumia hadi leo kwa sababu ni rahisi na haihitaji kemikali za ziada. Unachukua lehemu yote, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwa mjomba: 4.8 toa 0.8 ni 4.0. Trigliseridi zake 3.5 gawanya kwa 2.2 ni 1.6. Nne toa 1.6 ndiyo 2.4 yangu. Itazame kanuni hiyo vizuri: kadiri trigliseridi zinavyopanda, ndivyo LDL ya kwenye karatasi inavyoshuka. Trigliseridi zikivuka 4.5 tunafundishwa tusiitumie kabisa, kwa kuwa inakosea mno. Za mjomba zilikuwa zinaukaribia mpaka huo. Kilichoifanya LDL yake ionekane ya kupendeza kilikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Nilijua kanuni hii, nilifanyia mtihani, na sikuitaja.

Na hata kama tungeipima LDL moja kwa moja, bado ningekuwa nimejibu swali lingine. Lehemu haiyeyuki katika damu. Ini huifunga pamoja na mafuta ndani ya chembe ndogo sana, kila chembe ikiwa na protini ya kuishika isisambaratike. Chembe za LDL, pamoja na zile zilizobeba trigliseridi nyingi ambazo ndizo huzaa LDL, kila moja ina molekuli moja tu ya protini iitwayo apoB. Ukihesabu apoB umehesabu chembe. Ukipima LDL kwa njia ya kawaida umepima shehena, yaani lehemu kiasi gani imebebwa, bila kujua imebebwa na chembe ngapi. Kwa mtu mwembamba asiye na kisukari hesabu hizi mbili huenda pamoja na hakuna madhara. Kwa mtu kama mjomba zinaachana.

Zinaachana kwa sababu hii. Mafuta yakijaa tumboni na ndani ya ini, na mwili ukawa sugu kwa insulini, ini hutengeneza chembe nyingi zenye trigliseridi na kuzimwaga katika damu. Huko chembe hubadilishana mizigo: LDL hupokea trigliseridi na kutoa lehemu, kisha vimeng'enya huziondoa zile trigliseridi, na LDL inabaki ndogo, nzito kwa ujazo wake, yenye lehemu kidogo. HDL nayo hupitia mambo yaleyale na kupungua. Mwishoni lehemu ileile kwa uzito imegawanywa kwa chembe nyingi zaidi. Mjomba mwenyewe, nilipomweleza baadaye, alielewa haraka kuliko wanafunzi wa chuo. Alisema basi ni kama uchochoro wa Kikuubo: njia haizibwi na uzito wa gunia alilobeba mpagazi mmoja, inazibwa na wingi wa wapagazi.

Chembe hizo hupenya ukuta wa ateri. Zinazonasa huko hubadilika kwa kemia ya mwili na kuonekana kama kitu kigeni, na seli za kinga zinakuja kuzimeza. Zikishiba hufa palepale, zikiita nyingine. Hiyo ndiyo inflamesheni: mwili unapigana vita ndani ya ukuta wa mshipa wake wenyewe, mwaka baada ya mwaka, bila maumivu. Utando wa mafuta unajengeka, juu yake unakaa mfuniko wa nyuzi, na pale vita inapokuwa kali mfuniko huo unakonda. Siku unapopasuka damu inaganda juu yake, na misuli ya moyo iliyokuwa ikilishwa na ateri ile inakosa hewa. Watu wengi hudhani mshipa huziba polepole mpaka njia ikaisha. Mara nyingi si hivyo. Mshipa ambao jana ulipitisha damu vya kutosha leo unafungwa kwa dakika chache.

Kwa hiyo wingi wa chembe na ukali wa vita si habari mbili. Mjomba alikuwa na vyote viwili, nami nilimpa mandazi na mafua.

Mandazi kwanza. Baada ya mlo wa kawaida trigliseridi hupanda kwa wastani wa takriban 0.3. Hata ukimwondolea mjomba kifungua kinywa chake, zinabaki zaidi ya 3, wakati mpaka wa hatari ni 1.7. Na kuna jambo jingine ambalo lingenishtua kama ningekuwa nimelisoma wakati ule. Watafiti wa Marekani, Anne Sumner akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba trigliseridi za watu wenye asili ya Afrika mara nyingi hubaki chini hata mwili unapokuwa umeshakuwa sugu kwa insulini. Maana yake kwetu ni mbili. Mwafrika mwenye trigliseridi za kawaida asijione amepona. Na Mwafrika ambaye zake zimefika 3.5, mwili wake umeshapiga kelele muda mrefu.

Mafua nayo. Ni kweli CRP hupanda kwa mafua, na ndiyo maana hupimwa tena baada ya wiki mbili tatu mtu akiwa mzima. Sikumwambia arudi. Ningepima bure, maabara ni yetu.

Sasa niseme la ndani zaidi, kwa sababu namba peke yake hazielezi kwa nini nilikuwa na haraka ya kumfariji. Nilikuwa naamini, moyoni kabisa, kwamba mshtuko wa moyo si ugonjwa wetu. Na imani hiyo sikuiokota kijiweni. Niliipata katika hospitali ya Mulago.

Kila aliyesoma fani za afya Kampala amewahi kuisikia historia ile. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kufanya kazi Mulago kwa miaka mingi, aliona wagonjwa wengi mno, na mshtuko wa moyo kwa Mwafrika ulikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na Singh walimwandika mgonjwa mmoja katika jarida la tiba la Afrika Mashariki, mmoja tu, kama tukio linalostahili kuchapishwa. Mwaka 1960 Davies, profesa wa patholojia wa Makerere, pamoja na wenzake wa Marekani walitoa hesabu ya maiti zilizopasuliwa: 632 za Uganda na 632 za St. Louis, Marekani, zikilinganishwa kwa umri na jinsia. Kule St. Louis 136 zilikuwa na kovu au jeraha la mshtuko wa moyo. Hapa moja. Moja, na lenyewe lilikuwa limepona.

Nilipoisoma hesabu hiyo nikiwa kijana nilijisikia fahari ambayo sijui niieleze vipi. Katika vitabu tulivyosoma, mwili wa Mwafrika ulikuwa kila mara ndio wenye mzigo: malaria, kifua kikuu, ukimwi, selimundu. Hapa palikuwa na jambo moja tuliloshinda. Nikaishika ile moja juu ya 632 kama haki yetu ya kuzaliwa, na siku mjomba alipokuja na karatasi yake, hiyo ndiyo iliyokuwa ikisema kupitia mdomo wangu. "Sisi moyo hautusumbui hivyo," nilimwambia mjomba. Nakumbuka nilisema "sisi".

Nilichokiacha ni kile walichokiandika A. G. Shaper na K. W. Jones katika The Lancet mwaka 1959. Wao waliwalinganisha Waafrika na Wahindi wa Uganda hii hii. Waafrika wengi walikuwa na lehemu ya chini na ugonjwa wa ateri za moyo karibu haukuwapo. Kwa Wahindi ugonjwa huo ulikuwa tatizo kubwa, na lehemu zao zilikuwa juu. Watafiti hao walielekeza macho kwenye chakula. Trowell naye, pamoja na Denis Burkitt aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, walitumia miaka yao ya baadaye kueleza dunia juu ya vyakula visivyokobolewa na nyuzinyuzi. Kitabu chao juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa kilitoka mwaka 1975. Hakuna hata mmoja wao aliyenipa ruhusa ya kudhani damu yetu ina kinga. Watu wa zile maiti 632 walikuwa wakitembea kwa miguu, wakilima kwa jembe, wakila matoke, viazi vitamu, maharage na karanga, na nyama kwa siku chache.

Mjomba hakuishi hivyo. Alifika Kampala kutoka Mombasa akiwa kijana mwembamba, akabeba magunia mwenyewe, akapata duka, na tangu apate duka akawa mtu wa kukaa. Kutoka asubuhi mpaka magharibi yuko nyuma ya meza. Mchana vijana wanamletea rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, pamoja na soda. Jioni, akipita Wandegeya, kuku wa kuchoma na chipsi. Nyumbani matoke bado yapo, lakini yako sahani moja na wali, posho na viazi mbatata, na mchuzi wa nyama juu yake. Sisemi haya kumlaumu. Hicho ndicho chakula cha mtu aliyefanikiwa mjini, na mimi nilikula naye. Nasema tu kwamba nilichukua takwimu za watu waliolima nikamvika mtu aliyekaa.

Mkusanyiko ule wa mambo aliokuwa nao una jina: sindromu ya metaboli. Gerald Reaven aliueleza katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1988, akionyesha kwamba usugu kwa insulini ndio unaoziunganisha presha, sukari na mafuta mabaya ya damu. Siku hizi huhesabiwa kwa mambo matano: kiuno kipana, ambacho kwa mwanamume wa Kiafrika kwa sasa hukadiriwa kuanzia sentimita 94 na kwa mwanamke 80, trigliseridi kuanzia 1.7, HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke. Presha kuanzia 130 kwa 85. Na sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6. Matatu yanatosha. Mjomba alikuwa nayo yote matano, mengine kwenye karatasi niliyoishika na moja likiwa limekaa mbele yangu likinywa kahawa.

Na dawa niliyomwambia aiache haikuwa ya kubahatisha. Miongozo ya tiba, ukiwemo wa Shirika la Afya Duniani, humpa statini mgonjwa wa kisukari aliyevuka miaka 40 bila kungoja LDL itishe. Mwaka 2008 Paul Ridker na wenzake walichapisha utafiti uitwao JUPITER: watu 17,802 ambao LDL zao zilikuwa chini ya 3.4, yaani za kuridhisha kwa macho ya wengi, lakini CRP zao zilikuwa 2 au zaidi. Nusu walipewa statini, nusu kidonge kisicho na dawa. Kwa waliopewa statini mishtuko ya moyo, viharusi na matukio mengine ya aina hiyo yalipungua kwa asilimia 44, na utafiti ukasitishwa mapema. Watu hao walikuwa na afya kuliko mjomba. Wenye kisukari hawakuingizwa. Karatasi ya mjomba ilikuwa na LDL kama zao na CRP zaidi ya mara mbili ya kiwango kile. Utafiti huo ulikuwa umeshachapishwa kabla hata sijaanza kazi.

Baadaye, nilipoanza kusoma kwa uchungu, nilikuta mengine. Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS uliwapa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo dawa inayozima njia moja ya inflamesheni bila kugusa lehemu, na matukio mapya yakapungua kwa takriban asilimia 15. Dawa ile ni ghali na iliongeza kidogo vifo vya maambukizi, jambo ambalo katika mji kama wetu si la kupuuza. Lakini ilithibitisha kwamba ile vita ndani ya ukuta wa mshipa ni chanzo kweli, wala si moshi tu wa kitu kingine. Na mwaka 2023 kukatoka REPRIEVE, uliowahusu watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, Uganda ikiwamo. Hawa ni watu ambao dawa za kufubaza virusi zimewarudishia uhai lakini inflamesheni haiishi kabisa mwilini mwao. Statini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35, kwa watu ambao kwa hesabu za kawaida hatari yao ilionekana ndogo. Nilipousoma niliwafikiria wote waliopita dirishani kwangu wakiwa na karatasi zao, wakaniuliza kwa upole, "Lakini lehemu iko sawa, si ndiyo?", nami nikaitikia.

Alfajiri ya siku aliyopata mshtuko wa moyo, mjomba aliamka na maumivu juu ya tumbo, yakipanda kwenye taya. Alidhani ni vidonda vya tumbo, kama wengi wetu tudhanivyo. Akanywa maziwa, akatafuna vidonge vya kutuliza asidi, akaenda dukani. Mkewe, ambaye sisi wapwa humwita Anti, alimsihi aende hospitali; akamjibu kwamba moyo wake ulipimwa ukaonekana mzima. Dukani akaanza kutoka jasho mpaka kanzu ikaloa. Vijana wakampakia kwenye bodaboda, mmoja akimshika kwa nyuma asianguke. Kipimo cha umeme wa moyo kilipochukuliwa saa nyingi zilikuwa zimeshapotea, na katika ugonjwa huu kila saa inayopotea ni misuli inayokufa.

Kwa hiyo nilimdhuru mara mbili. Nilimnyima dawa, kisha nikampa neno ambalo alilitumia kujibishana na maumivu yake mwenyewe. Hilo la pili ndilo linaloniamsha usiku.

Sikumwambia mara moja. Miezi ilipita nikimtembelea, nikimpeleka kliniki, nikimnunulia dawa, na kila nilipotaka kufungua kinywa nilijipa sababu ya kumwacha apone kwanza. Hatimaye nilikwenda na nakala ya vipimo vile, nikamsomea mstari kwa mstari, nikamwonyesha kutoa kule rahisi ambako ningeweza kumfanyia siku ileile: 4.8 toa 0.8 ni 4.0. Hiyo ndiyo lehemu iliyomo katika chembe zote zenye apoB, na haijali kanuni ya mwaka 1972 wala mandazi. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye hatari kama yake madaktari hupenda iwe chini ya 2.6. Ilikuwa pale pale, haihitaji mashine wala shilingi moja zaidi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mpwa wangu, ningezimeza, nisingeugua?"

Nilimjibu ukweli ninaoujua. Statini hupunguza uwezekano, haziufuti. Kila LDL inaposhuka kwa milimoli moja kwa lita, matukio makubwa hupungua kwa takriban moja ya tano, na faida huongezeka kwa miaka. Huenda angeugua vilevile.

"Basi uliniondolea nafasi," akasema. Hakusema kwa hasira. Nilimwambia ndiyo, nilimwondolea nafasi, na ninamwomba radhi. Akanisamehe, kisha akaniomba nisimwambie Anti.

Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kikiendelea nyumbani. Anti alikuwa amelikuta kopo la statini limejaa kabatini baada ya mumewe kulazwa, na tangu siku hiyo amekuwa akimlaumu kwa ukaidi, mbele ya watoto na mbele ya wageni. Mjomba alikubali lawama yote. Hakunitaja hata mara moja.

Sikuweza kumtii. Kabla ya kumpa mhariri maandishi haya nilikwenda Kibuli, nikakaa na Anti jikoni, nikamwambia ni mimi. Alilia, na maneno aliyoniambia nayaweka kwangu kwa kuwa niliyastahili. Alipotulia aliuliza kuhusu watoto wake: kama haya mambo ni ya damu, kama ni ya chakula, kama vijana watatu waliokula sahani moja na baba yao nao wako njiani. Nilimwambia ni ya vyote viwili, na kwamba swali hilo aliulize mbele ya daktari, vijana wenyewe wakiwapo, na karatasi zao asiniletee mimi kuzitafsiri. Wawili wamekwenda, na mmoja ameshaanza kutibiwa presha. Mkubwa amekataa. Anasema yeye bado kijana, anacheza mpira kila Jumapili, na majibu ya mwaka juzi yalionyesha LDL yake ni nzuri. Nimempigia simu tena jana usiku, na Ijumaa baada ya swala nitamfuata dukani.